Naomba ushauri: namwamini Kristo Mfalme mshindi, lakini moyo wangu unaogopa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimeokoka miaka mingi, na sina shaka kwamba Yesu alifufuka. Shida yangu ni hofu. Kanisani naimba kwamba Mfalme ameshinda, mikono juu, machozi yananitoka. Usiku huohuo, saa tisa, naamka moyo unadunda, shuka limelowa jasho, nawaza ugonjwa wa mama na kazi iliyokatika. Ushindi ule wa asubuhi siuoni tena.

Nimesoma Wakolosai 2:15, jinsi Yesu alivyozivua enzi na mamlaka, yaani nguvu za uovu, pale msalabani. Naamini. Ila kilichonigusa zaidi ni Waebrania 2:8, panaposema wazi kwamba bado hatujaona vitu vyote vikitiwa chini yake. Nililia niliposoma, maana ndipo nilipo mimi. Halafu Ufunuo 5: Yohana anaambiwa kuna Simba wa kabila la Yuda, akitazama anamwona Mwanakondoo, kama aliyechinjwa. Mfalme mshindi mwenye makovu! Hapo napata pumzi kidogo, lakini haidumu.

Wengine wameniambia nikemee tu, eti hofu ni kukosa imani. Nimekemea hadi sauti imekauka, na nimebaki na hatia juu ya hofu.

Mliopita hapa, mlifanyaje ujasiri ukashuka kutoka kichwani hadi moyoni? Mnaomba vipi usiku kama huo? Na kwa anayemuuguza mzazi, kumtumaini Mfalme huyu kunaonekanaje kila siku? Naombeni mnisaidie, ndugu zangu.