Katuni ndefu, vichekesho vya wanafunzi au makala za bahari: mnawawekea nini watoto wa miaka 9 hadi 12?

MamaWawili

Wakuu, za jioni. Nina binti wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume anayekaribia kutimiza 9. Katuni za wadogo wamezikinai, wanasema ni "za watoto", sijui wao ni wazee wa wapi. Tamthilia za wakubwa nazo siwezi kuwaachia. Wamenasa hapo katikati na mimi nimenasa nao.

Tumekubaliana nyumbani tuwe na kitu kimoja cha kutazama pamoja jioni za mwisho wa wiki. Mchujo umebakiza vitatu:

– Katuni ndefu yenye hadithi inayoendelea, Avatar: The Last Airbender. Kura ya kijana.
– Vichekesho vya wanafunzi, waigizaji halisi, dakika ishirini na ushee, vile vyenye kicheko cha kurekodiwa. Kura ya binti.
– Makala za bahari na wanyama. Kura ya baba yao, ambaye najua atasinzia kabla samaki wa kwanza hajapita.

Kwa alama za umri, vichekesho vimeandikwa TV-G, yaani ruksa kwa wote. Katuni ni TV-Y7-FV. Kwa hesabu hiyo vichekesho ni salama kuliko katuni. Lakini nimekaa nikatazama vipindi viwili vya vichekesho hivyo peke yangu, kuna kitu hakikunikaa sawa na nashindwa kukitaja. Nisaidieni.

RimotiYangu

Mkuu, kwanza tujue hizo herufi zinasema nini. Ni mfumo wa Marekani ulioanza 1997. Y7 ni kuanzia miaka 7, FV ni mapigano ya kubuni. TV-G ni kwamba mzazi wa kawaida hatakuta cha kumshtua. Watu wengi hawajui kwamba alama hizo vituo vinajipangia vyenyewe. Uingereza filamu hupita kwenye bodi, BBFC, na PG yao maana yake isimsumbue mtoto wa miaka 8 hivi. Sasa mtengenezaji akijipa alama mwenyewe, nawe jipe muda wa kutazama kidogo, kama ulivyofanya.

Kura yangu ni katuni. Vipindi 61, misimu mitatu, ilirushwa 2005 hadi 2008, halafu inaisha. Hilo la kuisha msilidharau, mfululizo usio na mwisho ni mkopo wa riba. Shujaa wake ana miaka 12, kwa hiyo binti hatasema ni ya kitoto.

Tahadhari moja: chagua ile ya kuchorwa. Ipo nyingine ya 2024 yenye waigizaji halisi, jina lilelile, na hiyo ni TV-14, yaani huenda isiwafae walio chini ya miaka 14. Ukipapasa rimoti haraka unaangukia siyo.

DadaWaKona

MamaWawili, mimi nitakitaja hicho kilichokukwama. Ni dharau.

Rudia kutazama kipindi kimoja, safari hii hesabu kicheko kinakuja wakati gani. Mara nyingi ni pale mtu mmoja anapomsuta mwenzake: miwani yake, nguo zake, ugumu wake wa kuelewa, baba yake mjinga asiyejua kuendesha hata simu. Anayesutwa haumii. Anakunja uso sekunde moja, kicheko kinapita, tukio linalofuata wako marafiki tena. Mfumo wa Marekani una herufi za lugha chafu, mambo ya ngono, maneno ya kuashiria ngono na mapigano. Dharau haina herufi.

Mpwa wangu wa miaka 10 alikula vichekesho hivyo likizo nzima. Nikaanza kuona kitu. Mama yake akimwambia aondoe viatu mlangoni, mtoto anageuka kidogo, kama anayeitafuta kamera, anatoa jibu la mkato, halafu ANANYAMAZA. Anangoja. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa anangoja nini: watu wacheke. Nyumbani hakuna kicheko cha kurekodiwa, kwa hiyo kilichofuata ni ukimya, na mama yake.

mzee_wa_antena

Wazazi wa siku hizi mnajitafutia presha. Sisi tulitazama kila kitu na tumekua.

DadaWaKona

Mzee, ulitazama kila kitu ukiwa sebuleni, runinga moja, mbele ya wazazi, wajomba na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Likitokea busu, mtu anakohoa na mwingine anasimama mbele ya kioo. Hicho ndicho kilikuwa kichujio chako. Wa leo yuko chini ya blanketi na simu.

mzee_wa_antena

Hapo kwenye kukohoa umenipata.

BabaMwenyeZamu

Natetea vichekesho kidogo, maana naona binti wa watu ananyimwa kura. Mtoto wa miaka 11 hana shida na mazimwi. Shida yake ni rafiki aliyehama benchi bila kusema kwa nini. Katuni ya safari haimwambii lolote juu ya hilo, na makala za nyangumi ndiyo kabisa. Vichekesho vinaigusa dunia yake, hata kama vinaigusa vibaya. Mimi na wangu nilifanya hivi: tunatazama, kikifika kipande cha kusutana nabonyeza kusitisha, nauliza, "Huyu angekuwa wewe?" Mara mbili tu kwa kipindi. Ukizidisha unakuwa mhubiri na mtoto anahamia chumbani.

Tena si vyote ni vya kusutana. Tafuta ambavyo kosa la mhusika linabaki na uzito hadi mwisho wa kipindi, anayeumia anaonekana ameumia, na watu wazima hawakuwekwa kama mapambo ya kuchekwa. Ukivipata ni vizuri kuliko katuni nyingi. Ni vichache, nakubali.

NesiWaZamuYaUsiku

Nafanya kazi na watoto, niongezee jambo la hofu, kwa sababu hapo wazazi wengi hupiga hesabu kinyume.

Mtoto mdogo huogopa kinachotisha kwa sura: jitu, meno, sauti nzito. Kuanzia miaka 8 hivi hofu inahama. Sasa anaogopa kinachoweza kutokea kweli: moto, mwizi, kutekwa, mzazi kufa. Ndiyo maana mtoto wa miaka 10 atacheka mbele ya zimwi halafu taarifa ya habari ya dakika mbili imnyime usingizi wiki nzima. Msiache habari za watu wazima zinaunguruma nyuma mkidhani hawasikilizi.

Kwa hiyo makala za wanyama msizichukulie kuwa laini kisa hazina matusi. Ni za kweli, na wao sasa wanajua tofauti ya kweli na kubuni. Katika Blue Planet II ya BBC (2017) kuna nyangumi jike aliyembeba mtoto wake aliyekufa, hataki kumwachia. Mwanangu wakati huo alikuwa na miaka 10. Hakulia. Aliinuka, akaenda kunawa uso, akarudi na matone bado kidevuni, akauliza kama yule mama anajua. Nilizima runinga tukaongea karibu saa nzima, tukaishia kwa bibi yake aliyefariki, ambaye hakuwahi kumtaja tangu mazishi.

Sijuti hata kidogo. Ila ningekuwa jikoni ningelikosa hilo, naye angebaki na swali lake.

Katuni ya mleta mada nayo ina kifo. Kipindi cha tatu tu, shujaa anakuta mabaki ya mlezi wake. Baadaye kuna mtoto wa mfalme aliyeunguzwa uso na baba yake mwenyewe. Imefanywa kwa staha, hakuna damu, lakini kijana wa miaka 9 akae karibu na mtu.

RimotiYangu

Nesi, nilikuwa nimekisahau kipindi cha tatu. Kweli.

ChajiAsilimiaTatu

Mnaongelea maudhui tu, hakuna aliyegusa mitambo. Kuna kile kipindi kinachofuata kujicheza chenyewe baada ya sekunde chache. Netflix inaruhusu kukizima kwenye mipangilio ya profaili. Kizime leo. Kila mtoto awe na profaili yake yenye kikomo cha umri, na profaili yako iwekee namba ya siri, si mwaka wako wa kuzaliwa, hiyo wanaijua. Kuna pia sehemu ya kuzuia kipindi kimoja kwa jina, ni nzuri kuliko kufungia kila kitu.

YouTube Kids ina daraja la miaka 9 hadi 12, lakini hapo mpangaji ni kompyuta. Mimi huifungua wakiwa wamekaa nami tu.

Na hadithi inayoachia njia panda kila mwisho wa kipindi itawaletea vita vya "kimoja cha mwisho". Tangazeni idadi kabla ya kuwasha. Ikishawashwa mmeshindwa.

MamaWawili

Asanteni jamani. Dharau ndiyo yenyewe, DadaWaKona. Nimerudia kipindi kimoja nikihesabu, nikaacha kuhesabu katikati.

Swali dogo pembeni: binti anasema darasani "wote" wameona Squid Game, ile tamthilia ya Kikorea. Mnajibuje?

BabaMwenyeZamu

Ni TV-MA, ya watu wazima, hata kama michezo yake ni ya watoto. Jibu ni hapana, bila mhadhara. Halafu muulize amesikia nini. Wangu alikuwa ameshasimuliwa yote, alichotaka ni kujua kama niko tayari kumsikiliza akiyasema.

NesiWaZamuYaUsiku

Na "wote" kwa kawaida ni watoto watatu.

MamaWawili

Narudi baada ya wiki mbili, maana nyuzi zisizo na mrejesho zinaniudhi.

Tumechukua katuni, vipindi viwili kila Jumamosi, idadi inatangazwa kabla. Kwenye kile cha tatu kijana alijisogeza hadi akawa amekalia mguu wangu, hakusema kitu, na mimi sikusema. Makala za bahari tunaziweka siku moja moja. Baba yao amesinzia mara zote mbili.

Binti nimempa kipindi kimoja cha vichekesho Jumapili, kwa sharti kwamba mimi nipo. Sikusitisha hata mara moja. Jana akasitisha yeye, akanyoosha kidole kwenye kioo: "Hapo wamemcheka bure yule." Kisha akabonyeza tena, akaendelea kucheka.