Wajumbe wa mbali wanasikia sauti zao zikirudi kwenye kikao cha mtandaoni. Tubadili maiki, spika au mtandao?

Katibu wa Kihesa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa SACCOS ya watumishi huku Iringa. Bodi ina wajumbe tisa: saba tuko hapa, mmoja yuko Dar na mmoja Mwanza, hivyo vikao tunafanya kwa mtandao. Chumba ni kama mita 6 kwa 5, sakafu ya tailizi, madirisha makubwa ya alminiamu, mapazia bado. Laptopu iko mezani na picha inaenda kwenye projekta. Sauti inatoka kwenye sabufa iliyo pembeni, tumeiunganisha kwa Bluetooth. Maiki ni ya USB, ile ya kusimama, iko katikati ya meza.

Kero ni kwamba wale wawili wakiongea wanasikia sauti zao zinawarudia. Mama wa Mwanza hufika mahali akanyamaza katikati ya sentensi. Sisi huku tunawasikia safi, ndiyo maana mwenyekiti ameshikilia kwamba mtandao wao ndio mbovu. Mhazini naye anataka tununue maiki ya bei mbaya. Kabla hatujagusa hela za wanachama, naomba ushauri wa wanaojua.

Pita Njia

Naweka kambi hapa, ofisini kwetu ni hivyo hivyo.

Dogo Ubungo

Bandikeni trei za mayai ukutani, mwangwi wote kwisha. Asante nitaipokea kwa M-Pesa.

Fundi Spika Keko

Trei za mayai zina umaarufu usio na kazi. Zinapunguza kidogo sauti nyembamba, basi. Tuziache.

Katibu, nijibu mawili kwanza. Sabufa ina kitufe chake cha kuongeza sauti, na huwa mnakipandisha kiasi gani? Pili, ndani ya chumba hicho kuna mtu mwingine anayeingia kwenye kikao hicho hicho kwa simu au laptopu yake?

Katibu wa Kihesa

Kitufe kipo, tunapandisha karibu mwisho ili wazee wa nyuma wasikie. Na ndiyo, mhazini huingia na laptopu yake ili aone majedwali vizuri. Spika yake huzima. Maiki huifungua akisoma taarifa ya fedha, na hapo sabufa hupiga mluzi hadi tunaziba masikio.

Fundi Spika Keko

Sawa, picha nimeipata.

Mwenyekiti ananyooshea kidole upande usiohusika. Kwenye mwangwi wa namna hii anayeusikia si mwenye tatizo. Sauti ya mama inatoka kwenye sabufa yenu, inagonga vioo na tailizi, inaingia kwenye maiki yenu, na mtandao unamrudishia mwenyewe. Ninyi hamuwezi kuusikia kwa sababu unazalishwa kwenu. Mkitaka ushahidi, Iringa mtoke kwenye kikao dakika chache, Dar na Mwanza wabaki wakiongea wawili. Mwangwi ukitoweka, hakuna tena cha kubishania.

Sasa, programu ya mkutano ina sehemu ya kufuta mwangwi, na kazi yake ni ya kihasibu kabisa, utaielewa kuliko wengi humu. Inabaki na nakala ya kila sauti iliyopelekwa kwenye spika. Inakadiria sauti hiyo ikishazunguka chumbani itaifikia maiki ikiwa imechelewa kiasi gani, imepungua kiasi gani na imejirudia mara ngapi. Halafu inayatoa makadirio hayo kwenye kilichonaswa na maiki, na kinachobaki kinapaswa kuwa sauti zenu peke yake. Ikiona mabaki bado yanafanana na ile nakala, inasahihisha makadirio kidogo na kuendelea, mfululizo, muda wote wa kikao. Hakuna aliyeiambia chumba chenu kikoje, inajifunza yenyewe. Mtu akihamisha kiti au akifungua mlango, ramani inabadilika na inajifunza upya.

Ila haiwezi kuondoa kisicho na risiti. Kama sauti iliyotoka kwenye sabufa haifanani tena na nakala iliyohifadhiwa, hesabu haifungi. Ninyi mmeiharibu kwa njia tatu.

Ya kwanza ni Bluetooth. Sauti inafungashwa, inarushwa, inafunguliwa, na njiani huchelewa milisekunde 100, 200 au zaidi. Ucheleweshaji peke yake programu nyingi huweza kuukadiria. Ubaya wa Bluetooth ni kwamba muda huo hautulii. Ikishaupata, unahama. Ongeza na hili: sabufa ina saa yake ndani, maiki ya USB ina yake. Vifaa viwili vikipishana mwendo kwa sehemu 100 tu katika milioni, baada ya saa moja ya kikao vinaachana kwa sekunde 0.36. Programu nzuri hufidia, lakini mmeibebesha mzigo bila sababu.

Ya pili ni kile kitufe. Sabufa ikifika mwisho wa uwezo wake inakoroma, inaongeza milio ambayo haikuwemo kwenye sauti ya mama. Makadirio ya programu yanajua kuchelewesha na kupunguza. Mkoromo hayawezi kuuzalisha, kwa hiyo hayawezi kuuondoa. Na kwa kuwa kitufe kiko upande wa sabufa, laptopu haina habari mkikipandisha. Ghafla mwangwi ni mkubwa kuliko ilivyojifunza.

Ya tatu ni mhazini. Maiki yake ikiwa wazi, sauti ya chumba inapita kwake, inaenda mtandaoni, inarudi kwenye laptopu yako, inatokea kwenye sabufa, inaingia tena kwake. Kwa laptopu yako, hiyo ni sauti halali ya mjumbe wa mbali, kwa hiyo inaipiga kwa moyo mmoja. Ikizunguka hivyo mara kadhaa, ndio huo mluzi.

Bint Mvita

Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni sauti za kumbi. Fundi amesema kweli ila chumba mmekipita mbio, na mimi nadhani nusu ya kesi iko hapo.

Kuna kanuni ya zamani ya Sabine ya kukadiria sauti inachukua muda gani kufifia chumbani: chukua ujazo wa chumba, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya eneo linalomeza sauti. Tuseme dari lenu liko mita 3. Ujazo ni mita za ujazo 90, na kuta, sakafu na dari jumla ni mita za mraba 126. Chumba kitupu cha plasta, tailizi na vioo, tukikikadiria kinameza asilimia 5 ya sauti inayokigonga, unapata sekunde 2.3 kabla sauti haijafifia kabisa. Mkiweka mapazia mazito, zulia na watu wakakaa, wastani ukipanda hadi asilimia 20, inashuka hadi karibu sekunde 0.6.

Kwa nini iwahusu? Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde. Kutoka sabufa hadi meza ni milisekunde chache tu, lakini mkia wake, yaani marejeo yanayofuata, unagonga ukuta hadi ukuta kwa zaidi ya sekunde mbili. Programu ikipima sauti mara 16,000 kwa sekunde, kuufuatilia mkia wa robo sekunde tu inahitaji kutunza na kusahihisha namba 4,000 bila kupumzika. Mkia ukizidi urefu huo, ziada yote inapita kama ilivyo.

Kwa hiyo mapazia kwanza. Mazito, yenye mikunjo, yafunike vioo vyote. Na maiki isogee kwa wasemaji: kila umbali wa mdomo ukipungua kwa nusu, sauti ya msemaji hupanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 huku ya sabufa ikibaki ile ile.

Dogo Ubungo

Mbona simu yangu ya kawaida nikiweka sauti ya nje hakuna mwangwi, na chumba changu ni kitupu kuliko hicho? Sina hata kiti.

Fundi Spika Keko

Kwa sababu aliyeitengeneza aliweka spika na maiki kwenye boksi moja, saa moja, umbali usiobadilika, na sauti haiwezi kupandishwa nje ya anachokijua. Na wewe huongea ukiwa umeishika karibu. Android yenyewe ina nafasi ya kifuta mwangwi tangu toleo 4.1 la mwaka 2012, ingawa ubora wake unategemea mtengenezaji wa simu.

Kuna jingine. Kutoa hesabu hakumalizi mwangwi wote. Kifuta mwangwi kikiupunguza kwa desibeli 30, maana yake kimebakisha sehemu moja ya elfu ya nguvu yake, na katika utulivu sikio bado linaweza kuinasa. Basi nyuma yake huwekwa kizimio: pale ambapo wa mbali tu ndiye anaongea, mabaki yanabanwa kabisa, na unawekwa mvumo mwepesi wa bandia ili mtu asidhani simu imekatika.

Pagumu ni pale pande mbili zinapoongea kwa pamoja. Maiki inapokea mwangwi na sauti yako vimechanganyika. Ikiendelea kujifunza wakati huo, itaichukua sauti yako kama kosa la kusahihisha na kuvuruga ramani yote. Hivyo inatakiwa itambue hali hiyo na kusimamisha kujifunza. Vifaa vya bei ya chini vinashindwa hapo, vinachagua kumzima mmoja. Ndiyo maana kwenye baadhi ya simu za mezani mkicheka wote mnasikia vipande vipande.

Mzee wa Posta

Vijana mnaongea mambo mazuri. Niongeze kidogo.

Shida hii ilizidi makali simu zilipoanza kupita kwenye setilaiti. Setilaiti ya mawasiliano inakaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo neno kupanda na kushuka ni karibu robo sekunde, na mwangwi kukurudia ni karibu nusu sekunde. Kituo cha Longonot kule Kenya kilipofunguliwa 1970, simu za Ulaya zilipita huko juu. Mwangwi wa simu zile ulitokana na waya, pale njia ya nyaya mbili ya simu ya nyumbani inapokutana na ya nyaya nne ya masafa marefu, sio chumba. Dawa ya mwanzo ilikuwa kumkata mmoja pale mwingine anapoongea, na ilikera sana. Wazo la kuutoa mwangwi kwa kuukadiria lilitoka Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu Marekani. Mtafiti Sondhi aliliandika 1967, na njia ya kusahihisha makadirio kidogo kidogo ilikuwa imeshatolewa na watafiti Widrow na Hoff mwaka 1960. Vifaa vyenu vingi bado vimejengwa juu ya msingi huo.

Katibu wa Kihesa

Wakuu, nimejifunza kuliko semina. Leo tumetumia waya wa oksi badala ya Bluetooth, sabufa tumeishusha hadi nusu na kuielekeza mbali na maiki. Mama wa Mwanza anasema anasikia kidogo tu mwanzoni mwa kikao halafu unapotea.

Sasa, je, ile maiki ya gharama tununue?

Fundi Spika Keko

Hapana. Maiki nzuri itaunasa mwangwi vizuri zaidi. Mkipata bajeti, tafuteni kifaa cha mkutano chenye spika na maiki ndani ya boksi moja, kinachochomekwa USB, kikae katikati ya meza, na sabufa irudi kwenye sherehe. Kabla ya kununua kijaribuni ndani ya chumba hicho hicho, watu wakiongea kwa pamoja makusudi. Kikikatakata maneno, mrudishieni muuzaji.

Na kama kifaa kina kifuta mwangwi chake, angalieni kwenye mipangilio kama cha programu kinaweza kuzimwa. Viwili vikifuatana wakati mwingine vinagombana na sauti inatoka imekabwa.

Bint Mvita

Mapazia, Katibu. Usiyasahau kwa sababu ya waya.

Katibu wa Kihesa

Mapazia nayapeleka kwenye kikao kijacho. Tatizo lililobaki ni mhazini. Amekataa katakata kuacha laptopu yake, anasema projekta haionyeshi senti.

Fundi Spika Keko

Abaki nayo. Akijiunga, achague kuingia bila sauti kabisa, sio kuzima spika tu. Atayaona majedwali yake, na taarifa aisomee kwenye maiki ya mezani kama wengine.