Fremu za gharama nafuu kwa maonyesho: A3 tisa na kanvasi tatu

Mchoraji_Dom
Habari wadau. Nina maonyesho mwezi wa nane hapa Dodoma mjini. Kazi ni 12: michoro 9 ya penseli na rangi ya maji kwenye karatasi za A3, na kanvasi 3 za sentimita 60 kwa 80. Fremu za dukani zimezidi bajeti. Nina seremala mwenye msumeno wa meza, ila hajawahi kutengeneza fremu za picha. Nimpe vipimo gani? Halafu ukumbini hawaruhusu kutoboa ukuta.

Randa na Msasa
Mkuu, A3 zote zipe fremu za saizi moja. Fundi akishaseti msumeno anakata zote bila kupima upya, na hapo ndipo gharama inaposhuka.

Nunua mbao 2 za paini, inchi 1 kwa 6, futi 12. Kila moja ipasuliwe fito 4. Zikishapigwa randa zibaki upana wa sentimita 3, unene kama milimita 20. Kwa nyuma, kwenye ukingo wa ndani, apitishe msumeno mara mbili aondoe mbao upana wa milimita 6, kina milimita 12. Humo ndimo kioo kinakaa. Kioo kiwe sentimita 40 kwa 54, nafasi yake 40.2 kwa 54.2, kiingie bila kulazimishwa. Basi kila fremu inataka vipande viwili vya sentimita 45 na viwili vya 59, ukipima ukingo wa nje, ncha zote nyuzi 45. Ufito mmoja unatoa vitatu vya 59 na vitatu vya 45, yaani fremu moja na nusu. Fremu 9 zinakula fito 6. Mbili ni akiba ya kukwepa mafundo.

Sasa sikiliza vizuri hapa: mbao mbichi ndiyo inayoharibu kazi. Paini yenye maji ikikutana na hewa kavu ya Dodoma inasinyaa upana wakati urefu unabaki karibu vilevile, na kona zinaachia upande wa ndani hata kama zilikatwa sawasawa. Zipange fito kivulini, vijiti katikati, wiki 2 au 3 kabla ya kukata kona. Ukizianika juani zitapinda.

Ncha za mbao hunyonya gundi, kwa hiyo paka gundi nyeupe, subiri dakika 5, paka tena ndipo uunge. Kaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kuzunguka fremu nzima, kisha pima kona kwa kona: vipimo viwili visome sawa, sentimita 74 na kidogo. Msumari upigwe baada ya kutoboa kwanza, paini hupasuka.

Kadi Nyeupe
Naongezea upande wa karatasi. Usiruhusu mchoro uguse kioo. Weka maunti, ile kadi yenye dirisha: nje 40 kwa 54, dirisha 28.7 kwa 41, ili ifunike mchoro kama milimita 5 kila upande. Juu acha sentimita 6, chini 7. Zikilingana, picha huonekana kama imeteleza chini. Tumia rula ya chuma na wembe mpya. Wembe butu huchana kona za dirisha, na kona ndizo watu wanaziona.

Selotepu isikaribie mchoro, inageuka njano na kuacha doa. Wala usigandishe karatasi nzima: hewa ikibadilika inatanuka na kusinyaa, ikibanwa inakunjamana. Kunja vipande vya karatasi nyeupe viwe vifuko vya pembetatu, gandisha vifuko kwenye kadi ya nyuma (nzima, isiyo na dirisha), chomeka kona nne za mchoro humo. Mchoro wenyewe haupati gundi hata tone.

Nyuma funga hadibodi (ubao mwembamba wa kugandamizwa) ya milimita 3, na mshono kati yake na fremu uzibe kwa karatasi ya kaki. Vumbi la mwezi wa nane linapita popote.

Mchoraji_Dom
Asanteni sana. Badala ya kioo naweza kuweka plastiki ngumu?

Kadi Nyeupe
Inawezekana, ila inachubuka, na ukiifuta kwa kitambaa kikavu inavuta vumbi na unga wa penseli. Kioo cha milimita 2 kwa saizi hiyo ni kilo 1 hivi, cha milimita 3 kilo 1.6. Chukua cha milimita 2 kikipatikana.

Ngazi ya Ukumbi
Kanvasi hazihitaji kioo. Bajeti ikibana ziache bila fremu, paka pembeni rangi moja, inatosha kabisa.

Kuhusu kutoboa, waulize kama kuna bomba au ukingo imara juu ya ukuta. Ning'iniza kila picha kwa nyuzi mbili za nailoni za kuvulia samaki. Ukitumia moja itazunguka kila mtu anapopita. Fundo la kawaida la nailoni huteleza, kwa hiyo pitisha ncha kwenye kishikizo cha picha, izungushe mara tano kwenye uzi wenyewe, irudishe kwenye kitanzi kilichobaki jirani na kishikizo, ilowanishe, ndipo ukaze. Vishikizo vya nyuma vikae theluthi moja kutoka juu; vikiwa chini zaidi fremu inainama mbele na kioo kinaakisi taa. Katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni.