Mama anauziwa "mkeka wa kuamsha vimeng'enya vya seli" kwa laki nne na nusu. Naomba ushauri kabla hajamalizia malipo

MwanaUjiji_76

Wakuu, heshima kwenu. Niko Kigoma mjini, Mwanga. Mama yangu yuko Ujiji, ana miaka 68, moyo wake umepanuka. Anatumia digoksini na kidonge cha kukojoa, na anaendelea vizuri tu, sokoni anakwenda kwa miguu yake.

Jumamosi walikuja vijana wawili wenye tai, wakakusanya wazee ukumbini, wakawapa soda. Wanauza mkeka unaochomekwa kwenye umeme. Karatasi waliyoacha inasema: "Uga wa umeme huamsha vimeng'enya vya utando wa seli, pampu ya sodiamu ikafanya kazi maradufu." Halafu kwa mdomo wakaongeza kwamba ukiulalia siku 21, vidonge unaweka kando. Mama keshatoa kianzio, elfu hamsini.

Nilisoma biolojia mpaka kidato cha sita, na kinachoniumiza kichwa ni kwamba maneno yale si uongo mtupu. Nimepekua mtandaoni nikakuta kweli kuna watafiti waliopitisha umeme kwenye seli na kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini) kikaitika. Nikimwambia mama hao matapeli, ananiuliza, "Kwani wewe umekuwa daktari lini?" Nimjibu nini? Nawasilisha.

Chuma_Chakavu

Matapeli. Soda ya bure uliona wapi.

Mwalimu_Volti

Mwangaluka wakuu. Nafundisha fizikia hapa Tabora. Mleta uzi, hujakosea, jaribio lipo na ni zuri sana. Ngoja nilieleze polepole, maana ujanja wa hao vijana umejificha humohumo.

Pampu wanayoitaja ni kimeng'enya kilichopenya utando wa seli toka ndani hadi nje. Jens Christian Skou wa Denmark alikieleza mwaka 1957 akichunguza neva za kaa, na mwaka 1997 akawa miongoni mwa waliopewa Nobeli ya kemia. Kikivunja molekuli moja ya ATP (ndiyo mafuta ya seli), kinatoa ioni, yaani chembe zenye chaji, 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Umeona kuwa hesabu haifungi? Kila mzunguko, chaji moja chanya inabaki nje. Kitu kinachosukuma chaji kupandisha kilima cha volti hakiwezi kukosa kuuhisi umeme.

Na kilima chenyewe ni kikali. Seli ya neva ina kama milivolti 70 kati ya ndani na nje. Utacheka, betri ya rimoti inaizidi mara ishirini. Lakini utando una unene wa nanomita 5 hivi! Gawanya: volti milioni 14 kwa mita. Hewa hutoa cheche ikifika kama milioni 3. Protini iliyobanwa hapo katikati, yenye sehemu zake zenye chaji, ukiutikisa uga nayo inajikunja na kujikunjua.

Mwaka 1983 na 1984 Serpersu na Tsong, wakiwa Marekani, walichukua seli nyekundu za damu ya binadamu, wakazipoza mpaka nyuzi 4 hivi ambapo pampu karibu imelala, wakazipitishia mkondo geu wa volti 20 kwa kila sentimita. Kwenye kilohezi 1 (midundo elfu moja kwa sekunde), seli zikaingiza rubidiamu (ilitumika badala ya potasiamu) nyingi zaidi kuliko zile ambazo hazikuguswa. Wakitia wabaini, athari inakoma, na wabaini huifunga pampu hiyo. Ndiyo sumu ileile ya mishale ya wawindaji wa Afrika Mashariki, kwa wasiojua. Baadaye hata utoaji wa sodiamu ulionekana kuongezeka, ila kwa megahezi 1 (midundo milioni moja kwa sekunde). Kwa hiyo pampu moja, midundo miwili, na ukikosea mdundo hupati kitu.

Sasa shika kalamu. Seli ya duara ikikaa kwenye uga, volti inayoongezeka kwenye utando haizidi 1.5 mara uga mara nusu kipenyo cha seli. Volti 20 kwa sentimita ni 2,000 kwa mita, nusu kipenyo weka maikromita 3.5. Unapata milivolti 10 na ushee. Hizo ndizo zilizokiamsha kimeng'enya.

Njoo kwenye mkeka. Mwili unapitisha umeme vizuri kuliko hewa, kwa hiyo uga wa masafa ya chini ulio nje hupungua karibu mara milioni moja ukiingia ndani. Tuwape hata volti 1,000 kwa mita juu ya mkeka, ndani inabaki 0.001. Pungufu ya jaribio mara milioni mbili. Wakikwambia wanazifikisha zile 2,000 ndani ya mwili, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu neva na misuli huanza kushtuka kwenye volti chache tu kwa mita. Mama angerushwa toka mkekani usiku wa kwanza.

Mvuvi_Kibirizi

Mwalimu kanikumbusha kambare wa umeme wa humu ziwani. Alinipiga mwaka jana nikimtoa kwenye wavu, mkono ukafa ganzi mpaka begani, wenzangu wanacheka. Sikuona kimeng'enya chochote kimeamka. Swali langu, yeye umeme anaupata wapi?

Mwalimu_Volti

Pole mkuu. Kambare huyo anaweza kufika volti 350 hivi. Amepanga seli zake kama betri za redio, kila moja inatoa sehemu ndogo ya volti, zikifyatuka pamoja ndiyo unapigwa. Na anayezichaji upya ni pampu hiyohiyo ya sodiamu. Yaani hapo ni kimeng'enya kinachotengeneza umeme.

Bi_Mkubwa_Kaliua

Msiseme sana jamani. Shangazi yangu anao, magoti yameacha kuuma.

Chuma_Chakavu

Ukiuwasha unapata moto?

Bi_Mkubwa_Kaliua

Ndiyo, vizuri tu.

Chuma_Chakavu

Basi chupa ya maji ya moto ni elfu nane.

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni mganga, najibu kwa haraka nikiwa zamu. Mmejadili volti vizuri, ila mmeruka jambo lililo mbele ya macho. Mleta uzi, mama anakunywa digoksini. Digoksini inafanya kazi gani? Inaishika pampu hiyohiyo ya sodiamu na KUIPUNGUZA kasi. Sodiamu ikiongezeka kidogo ndani ya seli za moyo, kalsiamu nayo haitoki kama kawaida, na moyo unapiga kwa nguvu zaidi. Ni ndugu wa ile sumu ya mishale, kwa kipimo kidogo.

Kwa hiyo karatasi yao inamwahidi mama kuongeza kasi ya kitu ambacho dawa yake inakipunguza kwa makusudi. Mkeka ungekuwa unafanya wanachodai, ungekuwa unagombana na dawa. Mwambie hivyo tu, hesabu za mwalimu achana nazo.

Asikatishe vidonge kwa hali yoyote bila kuonana na anayemtibu. Na uliza lini alipimwa potasiamu mara ya mwisho. Kidonge cha kukojoa mara nyingi huishusha, na ikishuka digoksini inamzidi nguvu. Akianza kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, au kuona vitu vya njano njano, mpeleke siku hiyohiyo.

MwanaUjiji_76

Wakuu, mrejesho. Nilikwenda Ujiji jana baada ya magharibi. Nilianza na volti za mwalimu, mama akaendelea kuchambua dagaa bila kuinua macho. Nilipofika kwenye dawa kugombana na mkeka, akaweka ungo chini. Akauliza, "Yaani miaka yote hii mnaninywesha sumu ya mshale?" Ikanichukua nusu saa kulimaliza hilo.

Mganga, hilo swali la potasiamu umenishika. Nimekagua daftari lake la kliniki, kipimo cha mwisho kina miezi kumi na moja. Kesho saa mbili asubuhi tuko foleni. Vijana wenye tai nimewapigia mara nne, simu inaita haipokelewi. Mwenye njia ya kuirudisha ile elfu hamsini aje PM.