Mwenyekiti mpya, vikao vimekuwa vya kurushiana maneno

Wakuu habari, nimechaguliwa juzi kuongoza kikundi chetu, shida kikao kikianza wanaongea walewale watatu, ukipinga unaambiwa "wewe kila siku unaharibu", wengine wameshanyamaza na baadhi hawaji kabisa. Nafanyaje bila kuonekana dikteta?

Jibu 1: Kanuni watunge wao, sio wewe. Halafu kila mtu aongee mara moja kabla ya yeyote kurudia, na wewe uwe wa mwisho kutoa maoni, ukianza wewe wengi watafuata upepo tu.

Jibu 2: Hilo la "kila siku" ndo sumu yenyewe. Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alifundisha hatua nne: ulichokiona, unavyojisikia, unachohitaji, ombi. Yaani "umenikata kauli mara mbili, nimekwazika, nataka nimalize hoja, naomba unisubiri". Mwanzoni unasikika kama roboti hahaha ila mtu anakosa pa kubishia

Jibu 3: Anayetukana usimuumbue mbele za watu, mvute pembeni kikao kikiisha. Akirudia kanuni ifanye kazi, hata kama ni rafiki yako, hasa kama ni rafiki yako

Muuliza swali: Asanteni sana. Wale walionyamaza niwapigie mmoja mmoja?

Jibu 1: Wapigie, ila usiwatetee wale watatu, sikiliza tu