Naomba ushauri: AutoCAD, SolidWorks au Fusion kwa mashine ya CNC?

Fundi Keko: Wakuu, nimekwama. Nina mashine ya CNC, ile ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Nachora kwa AutoCAD, lakini biti zinakatika. Tangu Jumatatu zimekwenda nne. Nihamie programu gani?

Mwanamistari: AutoCAD ni ya kuchora, wasanifu majengo ndio wenyewe. Kwa milango na vibao vya matangazo chukua VCarve, kwa vipuri SolidWorks au Fusion. Ila leseni ya bure ya Fusion si ya biashara.

Anga Juu: CATIA ndiyo baba lao. Ilizaliwa kwa Dassault, Ufaransa, na Boeing 777 ilichorwa humo.

Mama Bati: Ndege tuiweke pembeni. Mkuu, unakata nini, na spindo, yaani mota inayozungusha biti, ina nguvu gani?

Fundi Keko: Flanji 40 za chuma, yaani sahani za kuungia mabomba kwa boliti, unene mm 6. Mashine ni ruta ya mbao, kilowati 2.2. Muuzaji alisema inakata chochote, na malipo ya awali nimeshapokea. Napita mm 0.2 tu kila mara, kwa hiyo tatizo si mashine.

Mzee wa Lathe: Hilo ndilo ungeanza nalo! Umeshika pesa ya mtu kabla hujaijua mashine yako. Mpigie leo umweleze.

Nati14: Hii chai. Nani anasubiri hadi biti ya nne? Weka faili tuone.

Fundi Keko: Si chai mkuu. Mstari wenyewe kwenye faili: S24000, F300, yaani mizunguko 24,000 na mwendo wa mm 300 kwa dakika. Biti ya karbaidi mm 6, meno manne. Haitoi maganda, inatoa vumbi jeusi, na kingo za chuma zinageuka bluu.

Mama Bati: Basi ni kweli, hesabu inakubali. 300 gawanya kwa 24,000 mara 4: kila jino linakula mm 0.003. Hapo halikati, linasugua hadi linaungua. Karbaidi kwenye chuma laini inataka kama mita 100 kwa dakika, yaani mizunguko 5,300. Ukiishusha spindo hiyo hadi hapo, nguvu inabaki kama robo.

Fundi Keko: Nikijaribu 5,300 kwa F200? Nimebakiza biti mbili.

Mama Bati: Hapana, zitunze kwa MDF, mbao za unga. Peleka faili la mchoro la DXF kwa mwenye plazima ya CNC, inayokata chuma kwa gesi yenye umeme. Funga mistari iliyo wazi, futa iliyojirudia, hakikisha vipimo ni milimita. Ikisomwa kwa inchi, flanji inatoka kubwa mara 25.4. Upana wa mkato atafidia yeye kwenye programu yake, usiuguse kwenye mchoro. Matundu ya boliti aweke alama tu, utoboe kwa drili. Tundu dogo la plazima hutoka na mshazari, boliti haikai.