Kikundi cha Majirani wa Ngamiani: Usafi wa Mtoto wa Mbwa

Jirani Mpya: Assalaam alaykum, majirani zangu, na poleni na shughuli za kutwa. Huenda mmesikia kelele usiku wa jana. Nyumbani kwetu ameingia mtoto wa mbwa, dume, na aliyetupatia anasema ametimiza wiki 8. Tumemchukua kwa ajili ya ulinzi wa uani, maana kuku wetu wamekuwa wakipotea mmoja baada ya mwingine. Leo nimemkuta na kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, na manyoya yake yanatoa harufu nzito. Binti yangu anapendekeza tumwogeshe kila siku kwa sabuni ya unga, na jamaa yangu wa Pongwe amenipa kichupa cha dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kabla sijagusa kimojawapo, ninaomba mwongozo wa Bwana Mifugo na wa kila mwenye uzoefu.

Mama Pacha: Wa alaykum salaam, jirani. Kelele tulizisikia na wala hatulaumu, kwa sababu mtoto aliyetenganishwa na mama yake hana budi kulia. Wanangu wanataka kuja kumbeba kesho wakitoka madrasa, kwa hiyo nami ninayasubiri majibu kwa hamu.

Bwana Mifugo: Jirani, umefanya vyema kuuliza kwanza. Kichupa hicho kiweke mahali ambapo watoto hawafikii, kisha mrudishie mwenyewe. Mkoa wetu wa Tanga una wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, na ndiyo sababu dawa ya josho haikosekani majumbani, lakini vipimo vyake vimekadiriwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Baadhi ya dawa hizo zina amitrazi, kemikali ya kuua kupe, ambayo mtoto wa mbwa wa umri huo haistahimili: hulegea, hupepesuka, mwili hupoa na mapigo ya moyo hupungua, na mwenyewe hudhani amelala tu kwa uchovu wa kuogeshwa.

Kuhusu kupe waliopo sasa, watoe kwa mkono. Chukua kibano cha nyusi, mshike kupe karibu kabisa na ngozi ya mbwa, kisha mvute moja kwa moja, polepole, bila kumzungusha wala kumminya tumbo. Usimpake mafuta na usimchome kwa kiberiti. Kila unayemtoa mtumbukize kwenye kichupa chenye spiriti. Ukimaliza, mfunue mbwa mdomo uangalie ufizi: ukiwa wa waridi, hali si mbaya, ukiwa umefifia na kukaribia weupe, damu imepungua, na hapo hakuna tena habari ya kuogesha, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Babu wa Kona: Enzi zetu mbwa alipakwa mafuta ya taa na kupe wote walidondoka kabla ya adhuhuri. Sijui kwa nini mambo yamekuwa mazito kiasi hiki.

Bwana Mifugo: Shikamoo, babu. Kupe walidondoka kweli, lakini mafuta ya taa huunguza ngozi, na mbwa akijilamba huyameza, tena mvuke wake huweza kufika mapafuni. Waliokufa kwa namna hiyo walihesabiwa kuwa wamekufa kwa homa.

Babu wa Kona: Marahaba, mwanangu. Endelea.

Bwana Mifugo: Jambo ambalo wengi hatulitazami ni ukuta. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya nyumba: jike akishashiba damu hujiangusha, hupanda ukutani na kutaga mayai kwa maelfu ndani ya nyufa. Nyumba zetu nyingi hapa Ngamiani ni za zamani na lipu imeachia, hivyo unaweza kumsafisha mbwa leo, na baada ya wiki chache ukamkuta amejaa vilevile ukadhani dawa ni feki. Ziba nyufa zilizo karibu na anapolala, na gunia lake lifue kwa maji ya moto kila wiki, kisha lianike juani kutwa nzima.

Viroboto nao wanahitaji uchunguzi wa namna yake. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu juu ya karatasi nyeupe iliyolowanishwa. Zikidondoka chembe nyeusi na kuanza kutoa rangi ya wekundu wa kutu kwenye karatasi, huo si mchanga, ni kinyesi cha kiroboto, na wekundu ule ni damu ya mbwa wako.

Jirani Mpya: Ahsante sana. Nimemtoa kupe wa masikioni, na ufizi wake ni wa waridi. Je, kuogeshwa nako kumekatazwa?

Bwana Mifugo: Hakukukatazwa, ila kila siku ni kumwonea. Mara moja kwa mwezi inatosha, na akichafuka kabla ya hapo mfute kwa kitambaa chenye maji. Sabuni ya unga huondoa mafuta ya asili ya ngozi, ikamwacha anajikuna hadi kutoka vidonda. Tumia shampuu ya mbwa inayoruhusiwa kwa umri wake. Maji yawe vuguvugu, na wakati uwe saa 5 au saa 6 mchana, si jioni upepo ukishaanza kuvuma kutoka baharini, kwa sababu mbwa wa wiki 8 hupoteza joto upesi. Anza kwa kuzungusha povu shingoni ili viroboto wasikimbilie kichwani, kisha shuka mgongoni, tumboni na miguuni. Uso ufute kwa kitambaa mwishoni, na masikioni yasiingie maji. Halafu mkaushe kwa taulo mpaka kwenye mizizi ya manyoya. Unyevu wetu wa pwani hauna huruma, na harufu unayoilalamikia mara nyingi hutokana na manyoya yaliyokaa mabichi.

Ustadhi: Naomba kuongeza neno katika hilo hilo la kukausha. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, najisi ya mbwa huhama penye unyevu, ama kikavu kwa kikavu hakuna tatizo. Kwa hiyo asiachiwe kichochoroni akiwa amelowa, na maji ya kumwogeshea yasimwagwe kwenye njia tunayopita kwenda msikitini. Chombo chake kiwe peke yake. Akilamba chombo cha nyumbani, kioshwe mara 7, mojawapo kwa udongo. Kufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi kuna nafasi yake, jirani, wala usione aibu.

Jirani Mpya: Nimekuelewa, ustadhi. Maji nitayamwaga kwenye shimo la uani.

Mama Pacha: Nami nina swali la watoto. Je, wanaweza kumbeba?

Bwana Mifugo: Wasubiri kidogo. Minyoo ya mviringo hupita kwa mama hadi kwa mtoto tangu tumboni na kwenye maziwa, kwa hiyo mtoto wa mbwa mwenye afya nzuri kabisa huweza kuwa nayo. Dawa huanza akiwa na wiki 2 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi afike miezi 6, kwa kipimo cha uzito wake. Kwa kuwa hatujui huyu alipewa nini, tumhesabu kuwa hajapewa. Kinyesi kiokotwe kila siku na kuzikwa, kwa sababu mayai ya minyoo hiyo huhitaji wiki 2 au zaidi udongoni kabla ya kuweza kuambukiza. Watoto wavae ndala uani na wanawe kwa sabuni kila wakimgusa.

Wewe mwenyewe una paka, Mama Pacha. Dawa za matone za mbwa zenye pamethrini, kemikali ya kuua wadudu, humuua paka, hivyo siku ya dawa wasikutane.

Jirani Mpya: Kucha zake ni ndefu na nyeusi. Nizikate?

Bwana Mifugo: Kata ncha tu, kidogo kidogo, kwani ndani kuna mshipa ambao kwenye kucha nyeusi hauonekani. Ikivuja damu, bandika unga wa mahindi na ubonyeze. Kwa sasa mshikeshike miguu, masikio na midomo kila jioni akiwa ametulia, ili baadaye asipigane nawe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa atachanjwa akifika miezi 3. Zile za magonjwa mengine zisicheleweshwe, na mpaka zikamilike asizurure. Kesho saa 5 nitapita na mizani tumpime kwa ajili ya dawa ya minyoo. Andaa taulo mbili.

Mama Pacha: Paka nitamfungia ndani.